Tahariri: Kuficha Nako ni Kosa



Kila mwaka baadhi ya watoto wetu wa Buguruni na Kariakoo huchaguliwa kwenda kwenye michezo ya shule: UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari. Tunawaaga kwa furaha, tukiwakabidhi kwa walimu na makocha watakaokaa nao kambini usiku na mchana. Katika mashindano hayo lipo kosa ambalo kila mzazi analijua, nalo ni kuchezesha mamluki. Timu ikibainika kuwa na mchezaji asiyestahili, huadhibiwa. Nasi twauliza: shule ikibainika kwamba ilijua kocha wake anamdhulumu mtoto kingono, ikanyamaza ili isimpoteze kocha wala kombe, wasimamizi wa michezo waichukulie hatua gani?

Swali hili limekwisha kuulizwa kwingine. Mwezi Juni 2012 huko Marekani, Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha msaidizi katika Chuo Kikuu cha Penn State, alitiwa hatiani kwa makosa 45 ya kuwadhulumu wavulana. Mwezi uliofuata NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kilikitoza chuo faini ya dola milioni 60, kikaifungia timu kwa miaka minne isicheze mechi za baada ya msimu, na kikafuta ushindi wake wa tangu 1998 hadi 2011. Baadaye viongozi watatu wa juu wa chuo, akiwamo aliyekuwa rais wake, walitiwa hatiani mahakamani kwa kuhatarisha usalama wa watoto. Hata hivyo wengi walinung'unika kwamba vijana waliofungiwa hawakuwa na hatia yoyote. Kifungo hicho kiliondolewa mwaka 2014, na ushindi ukarudishwa mwaka 2015.

Kisha likaja shauri la Larry Nassar, daktari wa michezo wa Chuo Kikuu cha Michigan State, aliyehukumiwa mwaka 2018 kwa kuwadhulumu wasichana. Safari hii NCAA ilisema haikuona kanuni yake iliyovunjwa. Hapo ndipo penye funzo. Kanuni zilizotungwa kulinda usawa wa mashindano hazikuwa na mahali pa kuandika kilio cha mtoto. Twaogopa kwamba hata sisi twaweza kuwa wakali kwa cheti cha uongo, tukawa wapole kwa mwili uliojeruhiwa.

Msimamo wetu ni huu: wasimamizi wa michezo waadhibu, lakini adhabu iwaangukie walioficha. Mkuu au kocha aliyejua akanyamaza avuliwe wadhifa wake katika michezo. Shule itozwe faini, na fedha hizo zigharimie matibabu na ushauri kwa waliodhulumiwa. Wachezaji wasio na hatia wapewe nafasi ya kuendelea kucheza, hata kama ni chini ya uangalizi wa wengine. Timu nzima ikifungiwa, wenzake watamlaumu mtoto aliyesema kwamba ndiye aliyewanyima kombe, na mwingine atakayefuata atafunga kinywa.

Wapo wasemao kwamba adhabu itazifanya shule zizidi kuficha. Ndiyo maana shule iliyotoa taarifa mara moja haipaswi kuadhibiwa kwa sababu tu uovu umetokea ndani yake. Majirani zetu wa Kenya wametangulia. Waraka namba 3 wa mwaka 2010 wa Tume yao ya Utumishi wa Walimu uliagiza taarifa itolewe ndani ya saa 24, na ukatamka kwamba anayeficha naye atachukuliwa hatua za nidhamu.

Wala adhabu ya michezo isichukue nafasi ya mahakama. Tunayo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Tunayo pia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayompa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa haki za mtoto zinapovunjwa. Kuyamaliza mambo haya kifamilia, au kumhamishia kocha shule nyingine, ni kumpelekea mbwamwitu zizi jipya.

Hatuyasemi haya kama Farisayo hekaluni. Katika nchi nyingi Kanisa letu lenyewe liliwahamisha mapadre waovu badala ya kuwaokoa watoto, likidhani linalinda jina lake. Hayati Papa Fransisko, kwa hati yake Vos estis lux mundi ya mwaka 2019, aliwawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa, akaweka na njia ya kuwachunguza hata maaskofu wanaoficha. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sisi kilio kimekwisha kutuumbua, basi na wengine wajifunze kwetu.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, tunawaomba jambo hili mlijadili. Kabla mtoto hajaenda kambini, mzazi aulize nani atalala na watoto, na kama wasichana wana mwalimu wa kike. Mtoto akisema, asikilizwe bila kukaripiwa. Taarifa ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au ipigwe simu namba 116. Bwana wetu alimweka mtoto katikati ya wanafunzi wake. Tusimwondoe hapo ili tuweke kombe.