MAKATO YA MSHAHARA

Kila mwisho wa mwezi maneno ni yale yale maofisini: "Mshahara umeliwa." Karani ambaye mchana kutwa hukagua hesabu za Serikali mpaka senti ya mwisho, akipokea hati ya mshahara wake mwenyewe hutazama tarakimu ya chini tu, akaikunja. Sisi twaona jambo hilo si la heshima kwa watu wa kalamu.

Na tumtwae mtumishi wa Serikali wa Tanzania Bara alipwaye Shs. 800,000/- kwa mwezi, kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2021, tukiacha mikopo na ada za vyama. Kwanza hukatwa asilimia 5 ya pensheni, yaani 40,000/-. Zibakizo, 760,000/-, ndizo zipimwazo kwa kodi: 270,000/- za kwanza hazitozwi kitu, 250,000/- zifuatazo hutozwa asilimia 8, yaani 20,000/-, na 240,000/- za mwisho asilimia 20, yaani 48,000/-. Kodi yote ni 68,000/-. Bima ya Afya nayo huchukua asilimia 3 ya mshahara, 24,000/-. Mkononi zabaki 668,000/-.

Lakini mnung'unikaji hasemi kwamba mwajiri naye hutoa asilimia 15 kwa pensheni na 3 kwa bima, jumla 144,000/-, zisizotoka katika mshahara ule.

Tena bima haimkati zaidi mwenye jamaa. Kwa asilimia ile ile 3 hutibiwa mchangiaji, mwenzi wake, na wategemezi wanne walioandikishwa. Na hapo penye neno "walioandikishwa" ndipo penye hasara. Mwenzetu mmoja alikatwa miaka mitatu. Mtoto wake alipougua usiku, aliambiwa dirishani kuwa jina la mtoto halimo. Hakuna aliyemwibia; yeye hakulipeleka. Ikambidi akope fedha ya dawa, ilhali matibabu yale alikuwa akiyalipia kila mwezi.

Basi, ndugu wanachama, yatupasa mwezi huu kila mmoja aifungue hati yake, apige hesabu mstari kwa mstari, kisha ahakikishe majina ya watu wake yamo. Ukiona kosa, mwandikie mhasibu wako kwa adabu, nawe uweke nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi ndio watunza daftari.