Eti Mtoto wa Tuwan Hahitaji Somo Hili

Kila nikisema shule za Tuwan, hapa Kitale, zifundishe watoto kupima ukweli wa habari za mtandaoni, hujibiwa yale yale.

Kwanza, eti watoto wetu hawana simu. Simu ya mama ni ya nyumba nzima. Ndiyo inayopokea ujumbe wa chama na wa kanisa, na mara nyingi mtoto ndiye anayemsomea nyanya. Msimu wa KCSE ukifika, watu huuza karatasi bandia za mtihani kwenye Telegram, baraza la mitihani, KNEC, lionye lisionye. Anayelipa ni mzazi aliyeuza gunia la mahindi.

Pili, eti wa shule ya msingi ni wadogo mno. Dai hili limepimwa, tena kwa jirani. Mwaka 2016 watafiti wa Makerere na wenzao wa Norway waligawa kwa kura shule 120 za Uganda ya kati, zenye watoto zaidi ya 10,000 wa darasa la tano. Nusu ya shule hizo zilifundisha kupima madai ya tiba: jirani akipona baada ya kunywa mitishamba, tutajuaje kwamba hangepona bila kuinywa? Katika mtihani wa mwisho, asilimia 69 ya waliofundishwa walifaulu. Wenzao, asilimia 27. Walisoma kwa kitabu cha katuni, cha karatasi. Hakuna aliyehitaji tableti.

Wengine husema yatosha mwanafunzi akague kama tovuti inapendeza na ina nembo. Hapo ndipo hata wasomi hunaswa. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwaona wanahistoria wenye shahada za uzamifu wakihadaiwa na jina na nembo, huku wahakiki wa habari wakiuacha ukurasa upesi ili watafute wengine wanasema nini juu ya mwenye ukurasa huo. Mbinu hiyo inafundishika darasani.

Eti watoto wakifundishwa kuhoji watakosa adabu? Mtoto anaweza kuuliza kwa heshima zote: "Mzee, habari hii imetoka wapi?"

Mwisho, eti ratiba imejaa. Uganda ilitumia vipindi 9 vya dakika 80, muhula mmoja tu, na mwaka mmoja baadaye watoto wale bado waliwashinda wenzao. Mwaka 2022 shule za upili za Kisumu zilijaribu somo kama hilo kwa vipindi 10. Mtaala wa CBC nao umeshauweka ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi 7 wa kimsingi. Tuwan inadai vipindi hivyo 10.