Nyota Wakishaondoka
Tangu mwaka 1998, Tamasha la Nchi za Jahazi limekuwa likiwakusanya katika Ngome Kongwe ya Unguja watu mashuhuri wa filamu kutoka nchi mbalimbali. Hatuna kinyongo na nyota hao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tunauliza: wageni wakishaondoka, mwenyeji amepona nini? Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Vipaji, basi, tunavyo. Kinachotakiwa ni mafunzo na kumbi za kuonyeshea filamu mwaka mzima, Unguja na Pemba. Tunaiomba Serikali ilitazame jambo hili kwa makini. Kupiga picha na nyota wa wenzetu ni furaha ya usiku mmoja; kuwalea wa kwetu ni faida ya vizazi.