GARI LIKILIA, DEREVA ASIKATWE MSHAHARA

Ndugu wafanyi kazi,

Liko jambo moja linaloumiza madereva na mataniboi wengi. Gari kuukuu linaanza kulia. Dereva anakwenda kwa msimamizi na kumwambia. Msimamizi anamjibu, "Endesha tu, gari hilo lilikuwa likilia hata kabla hujaandikwa." Baada ya siku chache injini inavunjika njiani. Hapo yule aliyesema endesha tu haonekani, na mshahara wa dereva ndio unaoitwa kulipa injini. Je, hiyo ni haki? Mimi nasema si haki, tena ni wizi wa mchana.

Neno la kwanza. Chuma hakilii bure. Kikilia, ama kimelika, ama kimelegea, ama oili haikifikii. Sisi watu wa reli twajua hayo. Katika siku za injini za moshi walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa kupita kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, wakigonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima lililia kama kengele. Gurudumu lenye ufa lilitoa sauti iliyokufa. Sikio la mtu yule lilikuwa chombo cha kazi kama nyundo yake. Basi, ikiwa sikio la mtu wa reli liliaminiwa kulinda maisha ya abiria, kwa nini sikio la dereva lidharauliwe?

Neno la pili. Kelele zote si moja, na hapa nitawalaumu wenzangu kidogo. Dereva wengi wakiulizwa gari lina nini, husema, "Linalia tu." Neno hilo halimsaidii fundi, nalo humpa tajiri nafasi ya kukataa. Tuchukue Land Rover za petroli za miaka ya 1960 na 1970, ambazo nyingine zingali zikifanya kazi mpaka leo. Nyingi zina injini ya silinda nne. Sikilizeni:

Ikilia tik-tik-tik nyepesi upande wa juu, hizo mara nyingi ni tapeti, nafasi yake imekuwa kubwa. Katika injini hiyo nafasi ni inchi 10 kwa 1000. Fundi mwenye spana, bisibisi na bati la kupimia atairekebisha bila kushusha injini.

Ikilia kama vipande vya chuma vinavyotikiswa katika kopo wakati wa kupanda mlima na mzigo, moto wa plagi unawaka mapema mno, au petroli ni hafifu, au injini imepata joto kupita kiasi. Ikiachwa hivyo siku nyingi, pistoni zitaharibika.

Ikigonga wakati wa baridi asubuhi kisha ikanyamaza ikipata moto, huenda pistoni zimekuwa na nafasi ndani ya silinda. Gari litakwenda, lakini liandikiwe matengenezo.

Lakini ikigonga kwa sauti nzito kutoka chini, du-du-du, ikazidi ukikanyaga mafuta na ikazidi tena oili ikipata moto, tena kipimo cha oili kimeshuka, hizo ni beringi za konrodi au za krankishafti. Hapo zima injini mara moja. Usiseme nitafika Voi kwanza. Kila maili unayoongeza unasaga chuma kwa chuma, na konrodi ikikatika hutoboa ubavu wa injini.

Neno la tatu, namna ya kutafuta. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, mikono na nguo ziwe mbali na feni na mkanda. Pima oili kabla ya jambo lolote. Kisha kanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Kelele ikifuata mwendo wa injini, iko kwenye injini. Ikisikika gari likitembea tu, tafuta kwenye propela, difu na magurudumu. Kanyaga klachi: sauti ikibadilika, tazama klachi na giaboksi. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake juu ya injini na mpini karibu na sikio, uhamishe pole pole mpaka upate pahali inapolia zaidi. Kwa injini ya petroli, fundi huondoa waya wa plagi moja baada ya moja. Mgongo ukipungua kwa silinda moja, ugonjwa uko hapo. Injini ya dizeli msiichezee hivyo wala kulegeza mipaipu yake, kwa sababu dizeli ikiruka kwa nguvu hupenya ngozi ya mtu.

Matajiri watasema, "Madereva ni wavivu, kelele ni kisingizio cha kutofanya kazi." Vizuri, na ipimwe! Uchunguzi huu hauhitaji siku nzima. Dereva mwongo atajulikana hapo hapo, na dereva wa kweli atakuwa ameokoa mali ya tajiri mwenyewe. Anayekataa kupima ndiye mwenye kisingizio.

Tena wako wanaotia oili nzito ili kelele inyamaze, na wako wenzetu wanaofungulia redio kwa sauti kubwa wasisikie. Wote wawili wanafunika kidonda kwa kitambaa kichafu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno la nne, sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007, kifungu cha 19, inampa mwajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyi kazi. Shikeni neno hilo: makusudi. Beringi iliyolika kwa uzee si makusudi ya dereva. Dereva aliyetoa habari, kisha akaamriwa aendeshe, makusudi yake yako wapi? Makusudi ni ya aliyeamuru.

Lakini maneno matupu hupeperuka. Kwa hiyo nasema kila gereji iwe na daftari la kasoro lenye nakala mbili. Dereva aandike tarehe, namba ya gari, kelele ya namna gani, inatoka wapi, inasikika wakati gani, na kipimo cha oili kilisemaje. Msimamizi atie sahihi, na nakala moja ibaki mkononi mwa dereva. Msimamizi akikataa kutia sahihi, dereva anase kelele hiyo kwa simu yake na kumpelekea mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo.

Mwakilishi anayekuja baada ya mshahara kukatwa amechelewa. Tudai daftari hilo sasa, gereji kwa gereji, wala asikubali mtu kutia kidole kwenye karatasi ya kukatwa fedha kabla ya chama kuisoma.

Gari limekwisha kusema. Dereva amekwisha kusema. Sasa na chama kiseme.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanyi kazi wa reli, Nairobi.