Mitambo ya wingu inajiendesha yenyewe, lakini nani anashika swichi ya kuizima?

Jumatatu ya Oktoba 20, 2025, saa 3:48 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, programu moja ndani ya mitambo ya Amazon Web Services (AWS) ilifuta anwani ambayo haikupaswa kuguswa.

Hapakuwa na mdukuzi, wala mfanyakazi aliyekosea kubonyeza kitufe. Ni mfumo unaojiendesha wenyewe, ukifanya kazi yake ya kila siku.

Muda mfupi baadaye Snapchat, Signal, Duolingo, Roblox na Fortnite zilianza kugoma. Huduma ya kutuma pesa ya Venmo ikayumba Marekani. Uingereza, wateja wa benki ya Lloyds na watumiaji wa tovuti ya mamlaka ya kodi nao wakakwama. Mpaka mambo yatulie kabisa, zilipita takriban saa 14 na nusu.

Tukio hilo linarudi kwenye mazungumzo kila kampuni kubwa ya teknolojia inapotangaza kwamba imetengeneza mfumo mwingine wa kusimamia wingu bila mkono wa binadamu. Na matangazo hayo yanazidi kuwa mengi.

Kwa nini kazi ilikabidhiwa mashine

Kwa lugha rahisi, wingu ni kompyuta za mtu mwingine unazozikodi kupitia intaneti. Programu ya simu unayotumia huenda haina hata seva moja ya kwake. Imepanga, kama mtu anavyopanga chumba.

Mwenye nyumba hapa ana kompyuta nyingi mno. Diski zinakufa kila siku. Nyaya zinakatika. Wateja wanaongezeka ghafla usiku wa mechi, kisha wanapungua alfajiri. Hakuna kikosi cha wahandisi kinachoweza kufuatilia yote hayo kwa mkono.

Wazo la mitambo inayojitunza si geni. IBM ililipigia debe tangu mwaka 2001. Mwaka 2014 Google ilitoa bure programu ya Kubernetes, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Mhandisi anaandika tu anachotaka, mfano nakala 10 za programu fulani ziwe hewani muda wote. Moja ikifa, mfumo unawasha nyingine. Hakuna anayeamshwa usiku.

Kwa hiyo tusidanganyane: bila mifumo hii, wingu tunalolijua lisingekuwepo. Nyingi ya kazi hizo zinafanyika vizuri, na ndiyo maana hatuzisikii. Suala ni nini kinatokea siku mfumo wenyewe unapokosea.

Kilichotokea Virginia

Turudi Oktoba 2025. Hitilafu ilianzia katika vituo vya data vya AWS kaskazini mwa jimbo la Virginia, Marekani, kwenye hifadhidata iitwayo DynamoDB ambayo huduma nyingine nyingi zinaitegemea.

Ili ipatikane, hifadhidata hiyo inahitaji kuandikwa kwenye DNS, yaani daftari la anwani la intaneti. AWS inasema DynamoDB ina mamia ya maelfu ya rekodi za namna hiyo katika kila kanda. Hakuna binadamu wa kuziandika zote, kwa hiyo kazi iligawanywa kwa programu za aina mbili. Ya kwanza ni mpangaji, ambaye huandaa orodha mpya ya anwani kila mara. Ya pili ni mtekelezaji, ambaye huichukua orodha na kuiweka kwenye daftari.

Watekelezaji walikuwa watatu, kila mmoja akijitegemea. Nia ilikuwa njema: mmoja akianguka, wawili waendelee.

Siku hiyo mmoja wao alichelewa kupita kawaida, akiwa bado na orodha ya zamani mkononi. Wakati anahangaika, mwenzake alichukua orodha mpya, akaiweka haraka, kisha akaanza kufagia orodha zote zilizopitwa na wakati. Yule aliyechelewa akaja kumaliza kazi yake, akaweka orodha kuukuu juu ya ile mpya. Ukaguzi wa kuhakikisha orodha ni mpya alikuwa ameufanya mwanzoni, na sasa haukuwa na maana tena.

Kufumba na kufumbua, mfagiaji akaiona orodha ile kuukuu, akaifuta. Anwani zote za hifadhidata ya kanda ile zikatoweka.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama, wanasema wahenga. Hapa kila nahodha alifuata maelekezo yake bila kukosea hata hatua moja. Kosa lilikuwa limejificha katikati yao, mahali ambapo hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia.

Kibaya zaidi, daftari likabaki katika hali ambayo hakuna mtekelezaji aliyeweza kulirekebisha. Mfumo uliojengwa ili usihitaji binadamu ukawa unamsubiri binadamu. Wahandisi waliingia kwa mkono, na kufikia saa 6:25 mchana kwa saa zetu anwani zilikuwa zimerudi.

Dawa iliyogeuka sumu

Wengi wangedhani hapo ndipo habari iliisha. Wapi!

Ndani ya AWS kuna mfumo mwingine unaofuatilia seva zote zinazokodishwa. Kila seva huwekewa muda maalum, na muda huo huhuishwa mara kwa mara kwa kutumia ile ile DynamoDB. Hifadhidata ilipokuwa gizani, muda wa seva nyingi ukaisha. Iliporudi, mfumo ukajaribu kuzihuisha zote kwa mpigo. Kazi zikarundikana, zikachelewa, zikaanza upya, zikarundikana zaidi.

Katika taarifa yake AWS ilikiri jambo ambalo kampuni nyingi zisingependa kulisema hadharani: kwa hali ile hapakuwa na utaratibu uliokwisha andaliwa wa kujikwamua. Wahandisi wakalazimika kubana foleni ya maombi na kuwasha upya baadhi ya mitambo, taratibu.

Kisha likaja la tatu. Kuna mfumo unaopima afya ya mitambo inayogawa mzigo wa watumiaji, na ukiona mtambo mgonjwa unauondoa kazini. Kwa sababu mtandao ulikuwa bado haujatulia, vipimo vikawa vinasema mgonjwa, mara mzima, mara mgonjwa tena. Mitambo mizima ikawa inaondolewa na kurudishwa, na wateja wakaendelea kuumia.

Saa 1:36 usiku kwa saa zetu, wahandisi walichukua uamuzi mmoja: wakazima uondoaji huo wa kiotomatiki. Hali ya huduma hiyo ikatengemaa. AWS pia ilisimamisha duniani kote wale mpangaji na watekelezaji wa DynamoDB, ikaahidi kuweka kinga kabla ya kuwarudisha.

Ukisoma mtiririko huo vizuri utaona kwamba hatua kubwa za uponyaji siku ile zilikuwa ni mtu kuiambia mashine ipunguze kasi, au isimame kabisa.

Si mara ya kwanza

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka jioni ya Oktoba 4, 2021, WhatsApp iliponyamaza kwa takriban saa sita pamoja na Facebook na Instagram.

Chanzo kilikuwa amri iliyotolewa wakati wa matengenezo, na programu ya ukaguzi iliyopaswa kuizuia ilikuwa na kasoro. Mtandao wa ndani wa Facebook ukakatika. Kisha seva za DNS za kampuni hiyo, ambazo ziliagizwa kujitoa zenyewe zikiona haziwezi kufikia vituo vya data, zikafanya hivyo hivyo. Kwa dunia nzima, Facebook ikawa haipo. Wahandisi walilazimika kwenda wenyewe kwenye majengo, na hata huko kuingia kulichukua muda kwa sababu ya ulinzi mkali.

Mei 2024 ikawa zamu ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Mfumo wao uliokuwa Google Cloud ulifutwa. Wakati wa kuuandaa, mfanyakazi wa Google aliacha sehemu moja ya fomu wazi. Mashine ikajijazia: muda wa matumizi, mwaka mmoja. Mwaka ulipotimia ikafuta, bila kumtumia mteja hata onyo, kwa sababu onyo lilipangwa kwa ufutaji ulioombwa na mteja tu.

Kwa takriban wiki moja wanachama hawakuweza kuingia kwenye akaunti zao. Kilichosaidia ni kwamba UniSuper ilikuwa na nakala za akiba, zikiwemo zilizohifadhiwa kwa mtoa huduma mwingine.

Hapa kuna funzo la pande mbili. Aliyeanza kukosea ni binadamu, na mashine ikalibeba kosa lake mwaka mzima bila kuuliza swali. Google ilipotoa suluhisho haikurudisha kazi kwa wafanyakazi wake. Iliifanya hatua hiyo kuwa ya kiotomatiki kabisa, lakini udhibiti ukawa mikononi mwa mteja.

Kitendawili cha mwaka 1983

Mwanasaikolojia wa Uingereza Lisanne Bainbridge aliliona tatizo hili kabla wingu halijazaliwa. Katika makala yake ya mwaka 1983 kuhusu viwanda na mitambo inayojiendesha, alionyesha jambo linalokwenda kinyume na tunavyodhani.

Mashine ikichukua kazi zote rahisi, binadamu anabakiziwa zile ngumu na za nadra. Lakini kwa kuwa hafanyi tena kazi ya kila siku, mkono wake unapoteza mazoea. Siku anapoitwa, anaitwa kwenye hali mbaya kuliko zote, akiwa na uzoefu mdogo kuliko zamani.

Ni kama dereva aliyezoea gari linalojiendesha barabara kuu, halafu anaachiwa usukani ghafla kwenye kona, usiku, mvua inanyesha.

Sasa inakuja akili mnemba

Mifumo iliyoanguka Virginia ilifuata kanuni zilizoandikwa. Kinachoingia sasa ni tofauti. Mei 2025 Microsoft ilitangaza wakala wa akili mnemba wa kusimamia huduma zake za Azure. Desemba mwaka huo huo, wiki chache tu baada ya hitilafu ile, AWS nayo ikatangaza wakala wake wa kuchunguza hitilafu. Wanasoma kumbukumbu za mitambo, wanatafuta chanzo, wanapendekeza tiba.

Faida ipo. Saa nane za usiku, kusoma maelfu ya mistari ya kumbukumbu ndani ya dakika si jambo dogo kwa mhandisi aliyetoka usingizini.

Lakini kupendekeza ni jambo moja, kutekeleza ni jingine. Julai 2025 mfanyabiashara wa Marekani Jason Lemkin alieleza hadharani jinsi wakala wa akili mnemba wa kampuni ya Replit alivyofuta hifadhidata yake iliyokuwa kazini, ingawa alikuwa ameagizwa asiguse kitu. Mkuu wa Replit aliomba radhi, na kampuni ikaanza kutenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi.

Dawa hiyo haikuhitaji akili mnemba yoyote. Ni uzio tu: wakala asipewe funguo za chumba asichotumwa.

Anayekodi naye ana la kufanya

Kwa kampuni changa ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, haya si mambo ya mbali. Kanda kamili za AWS, Google na Microsoft barani Afrika ziko Afrika Kusini, na huduma nyingine za AWS zinazotumika dunia nzima bado zinategemea Virginia. Kampuni ndogo yenye mhandisi mmoja au wawili haiwezi kumzuia Amazon asikosee. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa ndugu mwenyewe yuko ng'ambo ya bahari.

Hata hivyo kuna maswali ambayo haigharimu sana kuyajibu mapema. Nakala ya akiba iko wapi, na je, iko nje ya akaunti ile ile ambayo mashine inaweza kuifuta? Kuna mtu aliyewahi kuirudisha, au imehifadhiwa tu kwa imani? Mfumo unaojiendesha una kikomo cha kiasi unachoweza kufuta au kuzima kwa wakati mmoja?

Swali hilo la mwisho AWS yenyewe imelijibu kwa vitendo. Miongoni mwa marekebisho iliyoahidi baada ya Oktoba ni kuweka breki, ili mfumo unaoondoa mitambo migonjwa usiweze kuondoa mingi kwa mara moja. Iliahidi pia kuufanyia majaribio zaidi mfumo unaofuatilia seva, ili njia ya kujikwamua ijulikane kabla ya siku ya shida.

Virginia ilipona kwa sababu walikuwepo watu waliojua swichi iko wapi, na waliokuwa na ruhusa ya kuibonyeza. Kadiri kazi zinavyozidi kukabidhiwa mashine, kampuni zitashawishika kupunguza watu hao, maana siku nyingi wataonekana hawana cha kufanya. Gharama ya kuwaondoa haitaonekana siku hizo. Itaonekana siku moja tu, kama ile Jumatatu ya Oktoba.