Probiotiki haiko dawa: tupime kwanza, ndipo tununue



Katika kooperative nyingi bado tunaona desturi moja: vifaranga wa nyama wakifika tu, wanatiliwa antibiotiki ndani ya maji, hata kama hawana ugonjwa, «juu wakomae mbio». Sisi waagronomi tunasema: desturi hii tuiache. Vijidudu vinavyokutana na dawa kila siku vinaizoea. Siku ugonjwa wa kweli unaingia kwa kuku, ao kwa watoto wetu, dawa haina tena nguvu. Umoja wa Ulaya ulikataza antibiotiki za kukomesha mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006, na kuku wao wanaendelea kukomaa.

Kuko njia ingine. Probiotiki ni vijidudu vizuri vilivyo hai, sawa Lactobacillus ao chachu. Prebiotiki ni chakula cha vijidudu hivyo, sawa inulini. Vinasaidia tumbo la kuku kutumia chakula vizuri, na vinanyima nafasi vijidudu vibaya kama salmonela.

Lakini tusidanganyane. Probiotiki haiponyeshi kuku mgonjwa, na haichukue nafasi ya chanjo ya Newcastle. Kuku anayelala juu ya takataka zenye maji, haitamuokoa. Tena, kwa kuwa iko hai, inaweza kuuawa na joto kali, maji yenye klore nyingi, ao antibiotiki. Mwenye kutia vyote pamoja anatupa franka zake mara mbili.

Kwa hiyo, kooperative isinunue juu ya maneno ya muuzaji tu. Ifanye jaribio lake. Mutwae vifaranga 100 wa siku moja, muwagawanye 50 kwa 50 ndani ya nyumba moja, chakula kimoja, chanjo moja. Kundi moja tu lipewe probiotiki. Muandike chakula kilichotumika, waliokufa, na kilo zao siku ya 1, ya 21 na ya 35. Kundi likikula kilo 180 na kuongeza kilo 100, kila kilo iliyoongezeka imekula kilo 1,8. Mulinganishe makundi mawili, kisha murudilie na vifaranga wengine, juu mara moja haitoshi.

Kama faida inapita bei ya probiotiki, mununue pamoja, kwa bei ya jumla. Kama haipite, mukatae bila haya. Mulete daftari kwenye mkutano, tuhesabu pamoja.