Alama ya Jumlisha Haifungi Kidonda

Nimesoma tasnifu nyingi za mimea dawa, na sasa naujua ule ukurasa kabla sijaufikia. Ni jedwali. Kushoto yamepangwa majina: alkaloidi, tanini, saponini, flavonoidi. Kulia kuna alama za jumlisha. Flavonoidi zikipata jumlisha mbili, mwandishi anashusha pumzi na kuandika kwamba matokeo yamethibitisha matumizi ya jadi ya mmea huo. Hayajathibitisha kitu.

Jumlisha hiyo inapatikanaje? Unaloweka majani makavu kwenye methanoli, unachuja, unatia vipande vya magnesi na matone ya asidi kali ya hidrokloriki. Rangi ikigeuka waridi au nyekundu, flavonoidi zimo. Sawa, lakini zimo pia kwenye kitunguu na kwenye chai uliyokunywa asubuhi. Mimea huzitengeneza kwa shida zake yenyewe, kama kujikinga na jua kali na kuyapa maua rangi. Kuzikuta kwenye jani ni kukuta chumvi baharini. Mwaka 1936 Szent-Györgyi na wenzake waliziita vitamini P. Jina hilo likaachwa baadaye, maana uvitamini wake haukuthibitika.

Chukua kishona nguo. Hapa Ruhuwiko kinajiotea kwenye mahindi, na ukikatiza shamba baada ya mvua kuisha unarudi na suruali iliyojaa vimbegu vyeusi. Mtu akijikata na jembe wakati wa palizi, huchuma majani, huyafikicha viganjani mpaka yatoe maji, hukamulia kwenye jeraha. Bibi yangu anasisitiza mmea uwe haujatoa maua. (Mmea wenyewe ni mgeni kutoka Amerika, kama mahindi unayoyasumbua. Jadi yetu ina milango mingi kuliko tunavyokiri.) Bibi ametaja jani, wakati wa kulichuma, namna ya kuliandaa na tatizo lenyewe. Tasnifu inayatupa yote. Inakausha jani lolote, inalitia kwenye methanoli, ambayo ni sumu na hakuna bibi aliye nayo, kisha inatazama kama kimiminika cha zambarau kitageuka njano. Kidonda hakimo, na damu haimo.

Tu Youyou, aliyepata Nobeli mwaka 2015, alifanya kinyume. Alisoma katika maandishi ya kale ya Ge Hong kwamba artemisia huloweshwa majini na kukamuliwa, bila kutajwa kuchemsha. Akapunguza joto, akatumia etha, ndipo dawa ya malaria ikapatikana. Artemisinini si flavonoidi. Hata kishona nguo chenyewe, watafiti wa Taiwan waliokichunguza kwa ajili ya kisukari walivutwa na sitopiloini, nayo si flavonoidi. Jedwali letu halina hata mstari wake.

Najua nitajibiwa kwamba hatuna fedha, na magnesi ndiyo iliyopo maabara. Lakini kumuuliza mganga anatumia kiasi gani, mara ngapi, na nani hampi, kunahitaji daftari na nauli ya bodaboda. Muda wa damu kuganda unapimwa kwa damu kidogo, kibali cha maadili na saa.

Na maneno yetu hayabaki maktaba. Kuna chupa zinazouzwa mitaani zimebandikwa karatasi: ina flavonoidi, hutibu kisukari, presha na ini. Neno hilo muuzaji hakulitunga, limetoka kwetu, likiwa na muhuri wa chuo. Mgonjwa wa kisukari akiliamini na kuweka kando vidonge vyake, sukari haitasubiri tumalize utafiti.

Basi wasimamizi waanze kuirudisha sentensi ile ya "yamethibitisha matumizi ya jadi" kwa wino mwekundu, mpaka mwanafunzi aeleze alipima matumizi gani. Kwa nini kabla ya maua? Katika tasnifu nilizosoma, hakuna iliyouliza. Palizi ikifika, mmea uko shambani, wenye maua na usio na maua, na hauuzwi.